Mbele ya Mkwe

Tumbo la mama lilikuwa limefura hadi ngozi inang'aa. Kule Gatuanyaga alikuwa amekaa siku nyingi bila kwenda choo, anakunywa maji moto na kulisha mbuzi wake, na kila nikipiga simu ananiambia, "Mimi niko sawa." Nilimkuta amejikunja kitandani, anatapika. Ai, nilikasirika! Nilimpakia kwenye gari la jirani na nikamfokea njia nzima hadi hospitali, Thika. Tulipofika nikaanza kulia.

Picha zilionyesha uvimbe kwenye utumbo mkubwa, umeziba njia kabisa. Daktari, kijana mpole, akanieleza: kumpasua akiwa amefura hivyo ni hatari, na hata akipona angejisaidia kwenye mfuko uliobandikwa tumboni. Lakini wangeweza kujaribu stenti kwanza. Ni kibomba cha wavu wa chuma. Wangekipitisha kwa nyuma mpaka pale palipozibwa, kijipanue chenyewe, uchafu upite, mama apate nguvu, ndipo uvimbe utolewe bila haraka. "Ikikataa," akasema, "tunaingia thieta kumpasua siku hiyo hiyo."

Mama alisikia neno moja tu, mfuko. "Afadhali nife," akasema kwa Kikuyu, akageukia ukuta.

Stenti iliwekwa asubuhi. Daktari akatuambia tungoje hewa: akijamba, hata kidogo, njia imefunguka. Sijawahi kungoja kitu hivyo maishani mwangu, na mimi ni mzazi.

Basi watu wakaja. Akina mama wa kanisa lake walizunguka kitanda, vitambaa kichwani, wakaanza maombi. Na mume wangu alifunga duka letu la Witeithie akaja pia. Kwetu mkwe si mtu wa mchezo. Miaka yote ya ndoa yetu mama hajawahi hata kula mbele yake. Sasa huyo bwana akaketi karibu na mto wa kichwa chake, wima, koti limefungwa vifungo vyote, akiamini anafanya wema.

Daktari akapita. "Shosho, umetoa hewa?"

"Hapana."

Akarudi mchana. "Hata kidogo?"

"Hapana."

Akambonyeza tumbo, uso wake ukabadilika. Akamwambia nesi waandae thieta, akaniomba nijitayarishe kutia sahihi. Niliogopa, na zaidi niliuogopa huo mfuko, kwa sababu namjua mama yangu. Angejifungia nyumbani asionekane tena kanisani wala sokoni.

Nikamwangalia. Jasho lilikuwa likimtiririka, ameuma meno, vidole vimekamata shuka. Na macho yake hayakuwa kwa daktari. Yalikuwa kwa mume wangu.

Ngai! Mama anabana! Heri apasuliwe kuliko kujamba mbele ya mkwe!

"Tokeni," nikasema.

Kiongozi wa maombi akafungua jicho moja. "Tunamalizia tu, mama."

"Mungu atawasikia hata mkiwa nje. Tokeni!"

Mume wangu akanitazama kama nimeingiwa na wazimu.

"Na wewe," nikamwambia. "Wewe hasa."

Walitoka wakinong'ona. Nikamwomba daktari angoje kidogo, kidogo tu, nikavuta pazia.

"Umeniaibisha," mama akasema. "Mbele ya kanisa. Mbele ya mkwe."

"Hiyo aibu nitaibeba mimi. Maitu, tafadhali, jamba!"

Akanikazia macho. "Na wewe geuka."

Nikageuka, nikatazama pazia, nikaomba kuliko wale wote waliokuwa nje. Nikasikia kitanda kikilia, mama akishusha pumzi, kisha ikatoka: ndefu, kubwa, bila adabu yoyote, na nyingine nyuma yake. Harufu ikajaa mle ndani. Nilimwita daktari kwa sauti iliyofanya wodi nzima igeuke.

Akambonyeza tena tumbo, akatabasamu, akamwambia nesi waache mambo ya thieta. Mama alikuwa amejifunika shuka usoni. Akatoa mkono, akanishika.

"Hawanikati tena?"

"Leo hapana," nikasema. Uvimbe ulikuwa bado mle ndani, na sote wawili tulijua.

Akauminya mkono wangu.

"Basi mwambie mkwe aende nyumbani," akasema. "Kuna nyingine inakuja."