Makofi Tisa ya Kituo cha Zimamoto

Binti yangu alikuwa darasa la nne walipoambiwa wasome kwa sauti, kwa Kiafrikaans, wazazi wakiwepo. Atakayewashinda wenzake angesoma mbele ya shule nzima, naye nafasi ile aliitaka kwa moyo wote. Kiafrikaans ni mtoto wa Kiholanzi, na wote wawili huunga maneno mpaka moja linajaza mstari. Mimi ni fundi cherehani mhamiaji huku kusini mwa Afrika, mtaa wa Marshalltown, na lugha hiyo naijua ya kwenye vibao tu. Lakini mwanamume wa Tanga kumwambia mwanawe "sijui" ni kazi.

Nikachukua chaki ya kukatia, nikaandika kwenye kitambaa cheusi neno gumu kuliko yote katika somo lake: brandweerstasie, kituo cha zimamoto. Nikaligawa kama tulivyofundishwa kwetu darasa la kwanza, kila silabi iishie irabu, kila silabi kofi. Bu-ra-ndi-we-re-si-ta-si-e. Makofi tisa.

"Mem, mwalimu wetu, hasomi hivyo, baba," akaniambia kwa Kiingereza. "Anakata pale maneno yalipoungana. Brand, weer, stasie."

"Mem ndiye baba yako? Piga makofi."

Nilikuwa na hasira, na wala si za neno lile. Mtoto kazaliwa hapa, namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Nilitaka walau kitu kimoja kinywani mwake kiwe kimetoka kwangu. Wiki nzima tukapiga makofi.

Siku yenyewe nilivaa kanzu, nikakaa nyuma kwenye kile kiti cha kitoto. Watoto wawili wakamtangulia, na neno lile wakalisoma vipande vitatu, vilevile alivyoniambia. Nikamwomba Mungu mwanangu asinitii. Akasimama, akanitazama, akasoma silabi tisa, vidole vikihesabu pajani. Darasa zima likaangua kicheko. Akachaguliwa mwingine. Nililikoroga mimi, akalinywa yeye.

Njiani nikamwuliza kama hakuwasikia wenzake.

"Niliwasikia. Nilikuwa najua toka mwanzo."

"Sasa mbona ukasoma vile?"

Akanijibu kwa Kiswahili. "Si ulikuwa umekaa pale, baba."

Kwetu mtoto ndiye anayemwomba mzazi radhi, na mimi sikujua nianzie wapi. Nikamnunulia chipsi, akasema asante. Radhi sijamwomba mpaka leo, na naona aibu kuliandika hilo. Siku hizi anasomea chumbani, mlango ameurudishia, na nikikohoa sebuleni anashusha sauti.