Geeta Hautazami Mpira

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, manyunyu yanaanguka juu ya nyasi bandia za uwanja mmoja wa hoki huko Barking, mashariki mwa London. Kila mzazi aliyesimama kando anaufuata mpira kwa macho. Geeta peke yake hautazami.

Amesimama nyuma ya goli, kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi, thermosi ya chai kwapani. Anamkodolea macho msichana aliye mbali kabisa na mpira.

"Mpira kila mtu anauona," anasema bila kugeuka. "Mimi nataka kujua huyu anafanya nini wakati hana."

Siku za wiki mama huyu wa miaka hamsini na mbili, mzaliwa wa Kisumu, anauza dawa dukani. Jumamosi ni ya gongo la hoki. Tangu mwaka 1991 klabu ya hoki ya hapa imemwachia yeye kazi ya kupima chipukizi wa nafasi ya kati, mchezaji ambaye timu nzima humtegemea agawe mipira. Klabu inamrudishia nauli tu, lakini ukimuuliza kuhusu wasichana wake waliofika timu ya mkoa, jiandae kusimama mpaka chai ipoe.

Ana njia yake. Kila baada ya mechi, akina mama wa klabu huleta chai na muhogo wa kukaanga, wenye ndimu na pilipili, kama Geeta alivyozoea Kisumu. Geeta humkabidhi sahani yule anayempima aizungushe, kisha anajitenga.

"Kipa huchelewa kuja, anavua yale mapedi yake," anaeleza. "Senta wa kweli atakuwa amemwekea. Sahani peke yake haitoshi, lakini inanionyesha nirudi kutazama nini uwanjani."

Vuli iliyopita, mwaka 2003, njia hiyo ilimtia kwenye moto. Klabu ilikuwa na nafasi moja ya kupeleka kiungo wa kati kwenye majaribio ya mkoa, na majina yalikuwa mawili. La kwanza ni Nishma, miaka kumi na tano, binti wa Yogesh, mdogo wake Geeta wa tumbo moja. La pili ni Stéphanie, miaka kumi na minne, Mkongo wa Tottenham aliyeshika gongo mwaka mmoja tu kabla.

Nishma alikuwa na mbio na mabao, na watu walikwisha kumpongeza baba yake. Lakini mikononi mwa Nishma sahani ilizunguka kwa marafiki zake, ikarudi tupu. Wiki iliyofuata Stéphanie alifunga vipande vya kipa kwenye karatasi kabla hajala chake. Uwanjani, Geeta aliona shingo ya msichana huyo ikigeuka huku na huku kabla mpira haujamfikia. Akampeleka Stéphanie.

Yogesh alikata mguu nyumbani kwa dada yake. Hata Diwali hakuja.

"Niliumia, sitakudanganya," Geeta anasema. "Huyo nilimbeba mgongoni. Lakini ningempeleka Nishma, wangemrudisha, na angejiona hafai. Nilimwambia, wewe ni mfungaji, beti, binti yangu. Mfungaji lazima awe mchoyo kidogo." Nishma alicheka, akahamia mbele.

Stéphanie akachaguliwa. "Siku ile banatuambia bamemuchagua, nililia ku kazi," anasema mama yake, Emérence, anayehudumia wazee. "Ule muzee niko namuchunga akaniuliza, nani amekufa?"

Furaha ilitaka kuingia mchanga. Mazoezi ya mkoa yalikuwa Jumapili, mbali, pasipo basi la kueleweka, na Emérence ana zamu. Alikuwa ameshaamua kumtoa binti yake, hadi Jumapili moja gari lilipopiga honi nje ya nyumba yao. Ndani alikuwa Yogesh.

"Ben yangu, huyu dada, ana kichwa ngumu," Yogesh anasema leo, mikono mfukoni. "Lakini Nishma sasa anafunga kila wiki, na mipira inatoka kwa nani? Kwa huyu. Ningemwacha akae nyumbani aje?"

Filimbi ya mwisho inalia. Stéphanie anazungusha sahani ya muhogo, anamwekea kipa, kisha anapita katikati ya wazazi hadi kwenye uzio alikosimama Yogesh peke yake. Anamnyooshea sahani na kumwambia kwa Kiingereza kwamba kipande cha mwisho ni chake.

Geeta ameona. Anavua kofia, anajifuta uso, na safari hii si manyunyu.

Nini anachotarajia? "Namtaka huyo kwenye jezi ya taifa," anajibu. "Siku hiyo Yogesh ataendesha gari, Emérence atakaa mbele. Mimi nitakaa nyuma na muhogo."