Rispah na Dirisha Lililochomelewa

Mjini Kitale, mtu akivunjiwa nyumba humtafuta fundi wa kuchomelea hata kabla ya kwenda polisi. Fundi huja na vyuma, huvipanga dirishani, huvichomelea pande zote nne, na mwenye nyumba hulala akijua hakuna atakayeingia. Kwamba walio ndani watatokaje, hilo haliulizwi. Rispah Nasimiyu aliliuliza mwaka 2004, akaonekana mkorofi.

Rispah ni fundi wa nguo. Alizaliwa Bungoma, akaolewa Kitale, na mumewe alipofariki akabaki Kitale na mwanawe Levi. Alikuwa akishona sare za shule katika chumba cha chini cha jengo lililosimama kwenye mteremko, nusu ya chumba ikiwa imezama ardhini. Mlango ulikuwa mmoja, na ili kuufikia ulishuka ngazi nyembamba zilizopita nyuma ya jiko la hoteli. Dirisha pia lilikuwa moja. Kwa ndani lilikuwa juu ukutani. Kwa nje lilikuwa usawa wa miguu ya wapita njia. Wanawake wanne walioshona humo waliwatambua wateja kwa viatu.

Wezi walipitia dirisha hilo. Walivunja kioo, wakabeba vichwa vya cherehani na marobota ya vitambaa. Mwenye jengo, Mzee Wanyonyi, afisa mstaafu wa serikali anayeishi Bungoma, alichukua hatua upesi, hilo asinyimwe. Alimtuma fundi, na fundi akachomelea vyuma vinene kama kidole gumba. Rispah alishukuru. Yeye mwenyewe hulisema hilo bila kuulizwa: alishukuru, akampikia fundi chai.

Shukrani hiyo iliisha Januari, msimu wa sare, siku mafuta ya chipsi yaliposhika moto jikoni mwa hoteli. Moto wenyewe haukuwa mkubwa na wapishi waliuzima kwa mchanga, lakini moshi ulijaa ngazini na kushuka hadi chumbani. Wanawake wakageukia dirisha. Joy, aliyekuwa mwepesi kuliko wote, alipanda meza ya kukatia nguo akashika vyuma. Nje watu walikusanyika. Walivuta kwa mikono, kisha mtu akaleta jembe na kujaribu kung'oa. Vyuma havikutikisika. Vilikuwa vimetengenezwa vizuri sana.

Walikaa wakipokezana kuweka pua kwenye dirisha mpaka wapishi wakapita katika moshi na magunia mabichi kichwani, wakawatoa mmoja mmoja. Joy alilazwa hospitalini kwa ajili ya kifua. Aliporudi kazini alihamisha cherehani yake hadi mlangoni, akakataa kuirudisha.

Rispah hakudai fidia. Aliomba kitu kimoja: vyuma vya dirisha viwekwe bawaba, vifunguke kwa ndani. Ombi alilipeleka kwa Kiptanui, msimamizi wa jengo, naye akampigia Mzee simu. Jibu lilirudi na sababu mbili. Ya kwanza, vyuma vinavyofunguka ni kumkaribisha mwizi. Ya pili, mpangaji akipewa bawaba huhama usiku kupitia dirishani na kodi ya watu.

Sababu ya kwanza ina majibu, na fundi yeyote makini anayajua. Ya pili ni tusi. Rispah hajawahi kuchelewesha kodi katika chumba hicho, na Kiptanui, aliyeipokea mwenyewe kila mwezi, aliufikisha ujumbe huo akiangalia pembeni. Wamiliki wengi wa majengo hufikiri hivyo, kwamba heri mpangaji aungue ndani kuliko atoroke na deni, ila hawalisemi kwa maneno hayo.

Rispah akafunga safari kwenda Bungoma.

Mzee Wanyonyi alimpokea vizuri. Ni mzee wa kanisa, mtu wa sauti ya chini, na alieleza kwa utaratibu jinsi wezi walivyozidi. Chai ilipokuwa ikitengenezwa, mkewe, Mama Viola, aliposikia kwamba mgeni ni mshonaji, alimwita chumbani amwangalizie mapazia yaliyokuwa yamekatwa vibaya.

Rispah alishika pazia, akalivuta pembeni, akasahau pazia.

Vyuma vya dirisha hilo vilikuwa na vipande viwili. Kimoja kilishikwa na ukuta. Cha pili kilikuwa na bawaba tatu na komeo kwa ndani, na mbele ya komeo bamba la chuma ili mkono wa mtu wa nje usifike. Mama Viola alimweleza bila kuficha: nyumba ya shemeji yao iliungua zamani, na tangu siku hiyo Mzee hawezi kupata usingizi katika chumba ambamo hawezi kutoka.

Rispah alirudi sebuleni. Hakukaa.

"Mzee, dirisha ya chumba yako inafunguka."

"Hiyo ni nyumba ya watu kulala, mama."

"Na sisi huko chini ni gunia ya mahindi?"

Mzee akatoa alichokiona kuwa hisani. Atakubali bawaba, mradi vyuma vifungwe kwa kufuli na ufunguo ukae kwa Kiptanui.

"Kiptanui anakaa mbali, Kiminini. Ati moto ikishika nimtumie meseji?"

Mama Viola aliziba mdomo kwa kanga. Mzee alisema mazungumzo yamekwisha.

Kesho yake asubuhi Rispah alikwenda karibu na msikiti, kwa Naim, fundi wa vyuma, akamweleza alichokiona Bungoma. Naim aliuliza ni nani mnene kuliko wote. Akaletewa Wakonyo, mshona vifungo, akampima mabega na nyonga kwa futi ya Rispah mwenyewe, na kipande cha kufunguka kikakatwa kwa kipimo chake. Waliamua kifungukie ndani, kwa sababu nje mtu angeweza kuegesha mkokoteni. Komeo lisilo na ufunguo likafichwa nyuma ya bamba. Chini ya dirisha ikawekwa meza nzito, na ikawa marufuku kurundika nguo juu yake.

Kiptanui alikuwa ameshapiga simu. Mzee Wanyonyi alifika rangi ikiwa bado mbichi.

Hakusalimia. Alichutama nje ya dirisha, akapitisha mkono katikati ya vyuma kutafuta komeo. Hakulifikia. Akaomba waya, akaukunja, akajaribu kwa muda mrefu huku watu wakimtazama kama mwizi wa mchana. Waya haukufika. Rispah akawaambia wenzake watokee dirishani. Joy alitangulia, na alitoka haraka mno. Wakonyo alifuata, akafika kiunoni, akatulia kupumua, akamwambia mwenye jengo:

"Mzee, sogea kidogo, si unaona mtu anazaliwa?"

Watu walicheka. Mzee Wanyonyi alisogea, akapangusa rangi vidoleni.

"Sawa," alisema. "Lakini ukihama, hiyo kitu inabaki."

Kazi ambayo aliikataa, ambayo hakuilipia, tayari alikuwa anaihesabu kuwa mali yake. Rispah hakubishana. Alinyoosha kidole kando ya ukuta, kwenye madirisha mawili mengine ya chini, moja la kinyozi na la pili la stoo wanamolala wapagazi wa mahindi. Yote yalikuwa yamechomelewa.

"Na hizo?"

"Hao hawajalalamika."

Naim alikuwa amechutama akiukunja waya wa mashine yake ya kuchomelea.

"Naim," Rispah akasema, "wacha hiyo waya, usikunje bado."

Kisha akampita mwenye jengo, akainama kwenye dirisha la kinyozi, akagonga kioo.