Papa wa Maskati na dirisha langu la Bofu

Leo nimeumbuka na bakuli langu mwenyewe mkononi.

Mnajua nilivyowachosha na picha za Maskati. Kuna mkahawa kule nilikula mchuzi wa nazi, samaki kachambuliwa, una ndimu na bizari. Nikarudi mara tatu. Nikanunua hadi kitabu cha mapishi.

Kukisoma vizuri nyumbani, kumbe samaki mwenyewe ni papa mkavu.

Bi Zuhura, jirani yangu hapa Bofu, humpika papa kila Ijumaa. Na mimi mtu wa bara, wa Machakos, miaka minne sasa, kila Ijumaa nafunga dirisha kwa sababu ya ile harufu.

Basi leo nimepika, kitabu wazi mezani. Nikampelekea bakuli, najidai namwonjesha mambo ya Uarabuni.

"Shikamoo, Bi Zuhura. Nimekuletea chakula cha Maskati."

"Marahaba, mwanangu."

Akaonja. Akaonja tena.

"Si kibaya. Lakini papa hukumroweka, chumvi imezidi. Ngoja."

Hapa Pwani bakuli la jirani halirudi tupu. Akaingia nalo jikoni, akalijaza papa wake wa leo. Nilionja palepale mlangoni. Ule mchuzi wa Maskati haufui dafu.

Nikamuuliza mbona miaka yote hii hajawahi kuniletea.

"Ningekuleteaje, mwanangu, na dirisha unalifunga?"

Nimerudi nikalifungua.

Haya, nyinyi mnaojua, nisaidieni kabla ya Ijumaa nyingine: papa mkavu anarowekwa muda gani?