Zamu ya Gari la Mwisho

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwezi wa nne, mwanangu, mvua za masika ndiyo kwanza zinaanza, siku niliyowaacha watu wawili nyuma kwenye njia ya Doldol, kisha nikatangaza kwa redio kwamba tumetimia. Nimeikalia kimya miaka mingi. Hata watoto wangu wa kuzaa hawajaisikia yote. Lakini juzi umechaguliwa katibu wa klabu yetu ya magari ya njia mbovu, kiti nilichokikalia mimi ulipokuwa bado unabebwa mgongoni, na jana ukanitumia orodha ya safari yenu ya Jumamosi hii. "Cucu, hebu angalia kama kuna kitu tumesahau," ukaniandikia, ukiniita bibi kama kawaida yako. Kipo. Pale penye gari la mwisho mmeandika: tutaona tukifika. Tangu niyasome maneno hayo chai hainiteremki.

Wakati ule tulikuwa magari kumi na moja, mengine mazee kuliko madereva wake. Tulitoka Nyeri mjini, Karatina, Kutus na Nanyuki, tukakutana Kiganjo nyumbani kwa Mzee Kariithi, daktari wa mifugo aliyestaafu, ambaye ndiye aliyeianzisha klabu. Alikuwa amezipita njia zote za majosho upande huu wa mlima, kiangazi na masika. Sheria zake zilikuwa chache, ila moja aliishika kama imani: katika msafara, gari la mwisho halimpiti mtu, kwa sababu yoyote ile. Ndilo lililobeba kamba ya kuvutia, majembe, maji na sanduku la dawa. Redio za mkononi zilikuwa mbili tu, moja kwake mbele, nyingine kwa gari la mwisho. Simu tulikuwa nazo, lakini mtandao ulituaga Nanyuki. Kazi hiyo ilikwenda kwa zamu, na hata yeye mwenyekiti alikula vumbi siku yake ilipofika.

Jumamosi hiyo zamu ilikuwa yangu. Nilikuwa sijatimiza miaka thelathini na tano, katibu, mjuaji, na gari langu nilikuwa nimelipaka rangi upya wiki ile ile. Rangi nyekundu, mwanangu. Ungeniona ungecheka. Mbele yangu alikuwa Mwalimu Gakuru wa Kutus na mkewe, Mama Muthoni. Mwalimu aliendesha kama anayesahihisha mtihani, pole pole, asiruke shimo wala jiwe bila kulichunguza. Mama Muthoni alikuwa na ugonjwa wa sukari. Nilijua. Katika daftari la klabu nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe: Mama Muthoni, sukari, asichelewe kula.

Tulipoiacha lami, vumbi likaanza. Barabara ilikuwa imekaushwa na upepo, ingawa udongo mweusi wa kandoni ulikuwa bado umeshiba mvua ya jana yake. Nilivumilia karibu saa nzima. Nikalitazama boneti langu jekundu likigeuka rangi ya uji wa wimbi, moyo ukanichemka. Nikajiambia, hawa wazee njia wanaijua, watatukuta tu. Nikapiga honi. Mwalimu akanipungia mkono kwa adabu, akanipisha, nikampita. Nikampita na aliyekuwa mbele yake. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mwiba wangu mimi ulikuwa vumbi tu.

Mbele yetu kulikuwa na laga, mto wa mchanga ambao ni mkavu siku nyingi, lakini mvua ikinyesha huko juu hujaa kwa ghafla. Mzee Kariithi hakuwa akiivuka kabla watu wote hawajahesabiwa. Akasimamisha msafara, redio yangu ikalia.

"Wakio, huko nyuma mko sawa? Tumetimia?"

Nilipaswa kurudi nyuma kwa miguu nikamwone kila dereva usoni. Badala yake nilipanda juu ya bampa nikahesabu taa, maana kwenye vumbi sote tulikuwa tumewasha taa. Nikapata magari kumi na moja, pamoja na langu.

"Tumetimia, Mzee. Gari zote kumi na moja."

Tukavuka.

Doldol tulifika saa sita na nusu, siku ya soko la mbuzi. Akina mama walianza kufungua masufuria ya chakula. Mimi nilikuwa napangusa boneti, ndiyo, wakati gari la kumi na moja lilipofika na kusimama nyuma yangu. Ilikuwa pikapu ya bluu ambayo sikuwahi kuiona. Akashuka kijana mwenye kofia ya sufu, mfanyabiashara wa mbuzi.

"Asanteni sana," akasema. "Nimetokea njia ya kando hapo karibu na laga, na hata mimi nilikuwa naogopa kuivuka peke yangu. Ndio nikajishikanisha na nyinyi."

Mbuzi wake wanne walikuwa wakinitazama. Nikahesabu magari tena, na tena, kana kwamba hesabu ingenionea huruma. Chakula chote kilikuwa kimesafiri kwenye gari la mbele, kamba na maji na dawa vilikuwa kwangu, na Mama Muthoni alikuwa huko nyuma, amejidunga sindano yake asubuhi akitegemea kula saa sita. Mtu aliyejidunga sindano ile asipokula, sukari humshuka mpaka akapoteza fahamu. Hilo nalo nilikuwa nalijua.

Nilimwambia Mzee Kariithi. Aliwasha gari papo hapo. Tulirudi magari matatu kwa mwendo ambao yeye mwenyewe alikuwa ameupiga marufuku. Tulipofika laga, tuliisikia kabla ya kuiona. Mvua ilikuwa imenyesha milimani. Pale tulipopita kwenye mchanga mkavu, sasa palikuwa na maji mazito ya rangi ya udongo, yamebeba matawi na mizizi, na ng'ambo hapakuonekana gari wala mtu.

Mwanangu, nimezaa watoto watatu na nimemzika mume, lakini saa zile mbili kando ya maji yale sijapata nyingine mfano wake. Mwenzetu mmoja alisema labda wamerudi Nanyuki. Lakini kila mmoja wetu alikuwa akiwaza lile lingine, kwamba labda walikuwa katikati ya mchanga maji yalipokuja. Mzee Kariithi aliweka jiwe pale maji yalipoishia, akakaa analitazama. Yakishuka kidogo, analisogeza. Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Nilisali sala zote ninazozijua, nikaingiwa na woga mwingine kwamba hata Mungu angeuliza, ulikuwa wapi wewe uliyewekwa nyuma?

Kama saa kumi hivi tulivuka, maji yakigonga milango. Baada ya kona ya pili tuliwaona. Kumbe kundi la mbuzi lilikuwa limeijaza barabara muda mfupi baada ya mimi kuwapita, Mwalimu akatoka kando awapishe, magurudumu yakazama kwenye ule udongo mweusi mpaka ekseli. Gari lenye kamba lilipaswa kuwa mita chache nyuma yake. Alikuwa amechimba kwa mikono na sufuria ya kuwekea spana, shati lote matope. Mkewe alilala kwenye kiti, uso umepauka, jasho jembamba kwenye paji. Kando yake aliketi mama mmoja wa Kimaasai, mwenye wale mbuzi, ameshika kikombe cha bati. Alikuwa amekwenda hadi bomani kwake akarudi na chai ya maziwa yenye sukari nyingi, akamnywesha kidogo kidogo mpaka akafumbua macho. Yule mama hakuwa mwanachama wa chochote. Alimwona mtu, akakaa naye.

Nilianza kulia na kueleza kwa pamoja. Nikasema, "Mzee, lakini nilihesabu. Haki nilihesabu."

Mzee Kariithi alikuwa akifunga kamba. Akaniangalia bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Ati ulihesabu? Ulihesabu taa, Wakio. Mimi nilikupatia watu."

Hilo ndilo karipio lote nililopata. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami guu langu halikuvunjika hata kidogo. Wenzangu ndio waliolipa.

Mama Muthoni alipona. Nilikwenda Kutus wiki iliyofuata na mkungu wa ndizi, nikiwa nimejiandaa kufukuzwa. Yeye alinipokea kwa kicheko. "Kunywa chai, Wakio. Si niko hapa?" Mumewe alinisindikiza mpaka langoni, na pale ndipo nilipomwomba arudi klabu.

"Mimi siko na hasira na wewe," akasema. "Lakini saa hii nikiendesha, macho iko tu kwa kioo. Naangalia nyuma, naona hakuna mtu."

Hakurudi tena, mwanangu. Mpaka anaingia kaburini hakusafiri nasi. Baada yake wakaondoka wengine, mmoja baada ya mwingine, bila ugomvi na bila barua. Mikutano yetu ya Kiganjo ikabaki na watu watano, halafu wanne na mbwa wa Mzee Kariithi. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho nakiogopa kwenu leo. Watu hawaihami klabu kwa sababu ya magomvi, maana magomvi watu huyapenda, huja mkutanoni kuyasikiliza. Wanaihama siku wanapogundua kwamba wasipokuwapo, hesabu bado inatimia.

Mzee Kariithi alinipa gari la mwisho mwaka mzima. Halikuwa ombi. Mwaka mzima nilikula vumbi, na kila Jumatatu aliniagiza nimtembelee au nimpigie simu aliyekosa mkutano, si kumlaumu, kumwuliza tu habari za nyumbani. Nikagundua mmoja ana mgonjwa, mwingine gari lake limelala juu ya mawe, mwingine anaona haya kwa sababu hajui kuendesha matopeni na kila mtu anamcheka. Tulikwenda tukalitengeneza lile gari sote wanne. Sisi Wagikuyu husema kikundi kidogo chenye umoja ndicho kiinuacho kinu. Polepole watu wakarudi, na klabu mnayoiona leo ilifufukia pale, kwenye simu za Jumatatu.

Sasa nije kwenu. Grupu lenu la simu limejaa watu, na ukitangaza safari wanakujibu kwa kidole gumba. Kidole gumba si mahudhurio, mwanangu. Najua pia kila kijana anataka kuwa mbele ili apigwe picha akiruka mtaro. Sikatai, hata mimi nilipaka gari rangi nyekundu. Lakini usiku wa kuamkia safari, au hata leo ukiweza, keti na mwenyekiti mwandike jina la dereva wa mwisho, jina la mtu, na ajue tangu mapema ajiandae. Kazi hiyo iende kwa zamu, isiwe adhabu ya wageni wala ya wenye magari mabovu. Mwenyekiti aanze, wengine watanyamaza. Kila mmoja aambiwe ni nani aliye nyuma yake, na asipomwona kiooni asimame, hata kama walio mbele wanapiga honi. Mkihesabu, mtembee kwa miguu mkamwone kila mtu usoni, mumwulize amekula, amelala, anaumwa nini. Na anayekosa mikutano miwili, usingoje wa tatu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa watu waliokata tamaa ni mgumu kuujenga kuliko wa mawe.

Utaniona mwoga. Ni kweli, naogopa. Mvua imeanza huku Nyeri tangu juzi, nasikia imenyesha mlimani pia, nanyi mnakwenda kwa njia ya ndani kupita laga ile ile. Kama hampati mtu wa kukaa nyuma, nipigieni. Macho yangu bado yanaona, gari linawaka, na vumbi siliogopi tena.

Nenda, mwanangu, na kazi yako ibarikiwe. Uongoze watu wakupende hata unapowachelewesha. Mikono yako isipungukiwe na nguvu ya kuvuta aliyezama, na nyumba alikotoka kila mmoja wenu imwone akirudi. Najua mtasali Kiganjo kabla ya kuondoka, mseme kama tulivyosema sisi, Mungu tangulia. Atatangulia. Nyuma wekeni mtu.