Wifi yangu na vidonda vitatu vya kakake

Leo nimemfukuza wifi yangu, na bado nina hasira.

Mume wangu amefanyiwa upasuaji wa ngiri juzi. Siku hizi hawapasui tumbo zima. Wanatoboa vitundu vitatu, wanapitisha kamera, wanatia kiraka cha wavu kwa ndani. Daktari kamkataza kuinua kitu kizito mwezi mzima.

Wifi kaja kumzuru. Hata chai hajaonja, ataka kuona kidonda!

Kakake kafunua shati.

"Ndivyo hivi tu? Mimi nilipasuliwa uzazi huku mpaka huku, na maji nikateka! Wewe wajidekeza, na mkeo azidi kukuengaenga."

Jamani, wanaume na haya zao! Mume wangu kainuka kwenda kubeba dumu la maji, lile la lita ishirini.

Nikawahi kulikalia, na mtoto mgongoni.

"Wifi, kazi imefanywa ndani, wewe huioni. Kiraka kikifumuka, utakuja kumuuguza wewe? Basi nenda kwako."

Kaondoka akisonya.

Sasa mume wangu kaninunia, eti nimemvunjia dadake heshima.

Na anune. Mwezi utaisha, atapona inshallah, nitambembeleza.

Nyinyi mwasemaje, nimekosa?