Bata Niliyemvua Mbele ya Laoban

Wenzangu wa soko la Gikomba wanaijua habari hii nusunusu, na hiyo nusu wanayoijua wameshaichafua, kwa hiyo afadhali niisimulie mwenyewe kabla haijafika kanisani, maana juzi nimesikia eti nilipambana na mbuni. Hakuwa mbuni. Alikuwa bata, bata mweupe wa kawaida, na aibu aliyonipa bado hunijia nikiwa naoga, nasimama na sabuni mkononi naona haya peke yangu.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa kukaa ndani. Hata Guangzhou nilitumwa na mke wangu, Akinyi (yeye ndiye mwenye akili ya biashara, mimi ndiye niliyekuwa na pasipoti), miaka ile ambapo kila mtu Nairobi alikuwa na binamu aliyekwenda China kuleta mzigo. Wenzangu wakitoka sokoni walikuwa wakizunguka mtaa wa Xiaobei mpaka miguu ivimbe, mimi niko chumbani na ugali wangu niliousonga kwenye sufuria ya umeme ya kupikia wali, natazama tamthilia ya Kichina nisiyoelewa hata neno, na mahali pa kulia nalia.

Tulichotaka ni mabegi ya shule, na yalipaswa kufika kabla shule hazijafunguliwa Januari, kwa sababu begi la shule likifika Februari ni la kubebea viazi. Akinyi alikuwa ameshawaahidi akina mama wa mtaa mzima. Mwenye kiwanda alikuwa mzee mmoja, Liang, ambaye sote tulimwita Laoban, yaani bosi, kama wanavyoitwa wenye mali wote kule. Laoban akasema mashine zake zimeshikwa na oda za Ulaya, mei you, hakuna, turudi mwakani.

Aliyekuwa akinitafsiria ni Bi Zuhura, mama wa Mombasa aliyekaa Guangzhou mpaka akawa anagombana na wenye teksi kwa Kichina. Akanibembelezea, na katikati ya kubembeleza akamwambia Laoban kwamba mimi natoka Kisumu, kwenye ziwa. Laoban akageuka, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie, akasema jambo refu huku akirusha mkono hewani. Nikaitikia kwa kichwa.

Ni hilo tu nililofanya. Kichwa kilishuka, kikapanda.

"Wajua umekubali nini?" Bi Zuhura aliniuliza tulipotoka.

"Bei?"

"Kuvua samaki, mwanangu. Jumapili. Kakuuliza kama wewe ni mvuvi, nawe umeitikia kama imamu aliyeulizwa kama anasali."

Kweli natoka Kisumu, lakini samaki mimi nimemjua akiwa sahanini, sukuma wiki pembeni. Tena huyu wa Laoban hakuwa samaki wa mchezo. Bi Zuhura alinieleza kwamba ana kichwa kama cha nyoka na meno ya kukata, hujificha chini ya majani yanayoelea kama askari kanjo anayemvizia mchuuzi, na humvui kwa nyungunyungu, unamdanganya kwa chura wa mpira mwenye ndoano, unayemrusha juu ya majani na kumvuta arukeruke.

Nikaenda kununua vifaa. Mwenye duka aliponiona alijua siku yake imekuwa njema. Nilitoka na fimbo nene ya kuvulia baharini, kofia yenye pazia la shingoni, fulana ya mifuko mingi (sikujua ya nini, nikaweka chapati), na mabuti ya mpira yanayofika mapajani. Mazoezi nilifanyia kwenye korido ya nyumba tuliyopanga. Nilirusha chura mara ya kwanza, akanasa suruali ya jirani yangu Mkongomani iliyokuwa imeanikwa, na mwenyewe akatoka amejifunga taulo.

"Papa," akasema taratibu, "ni samaki gani inavalaka suruali?"

Jumapili ikafika. Huko nje ya mji kulikuwa na mabwawa yamepangwa kama mashamba, na katikati banda la kulia lililojaa watu waliokuja na watoto wao. Bi Zuhura akanieleza sheria ya pale: chochote utakachokitoa majini kwa ndoano kinapimwa kwenye mizani na ni chako, hakuna kurudisha. Laoban alikuwa amevaa kandambili, kajifimbo kembamba mkononi, kama mtu aliyetoka kununua maziwa. Mimi nilikuwa nimevaa kama naenda kukomboa nchi. Mama yake Laoban, ajuza mdogo sana, aliketi mezani karibu na maji akinywa chai.

Nikarusha kwa nguvu zangu zote, na ile fimbo ya baharini haijui mambo ya mabwawa, chura akapaa juu ya majani, juu ya samaki wote wa Laoban, juu ya tuta, akatua bwawa la pili nyuma ya matete. Nikamvuta arukeruke kama nilivyofundishwa. Mara uzi ukakaza.

"Amekamata," nikasema, na naapa sauti yangu ilikuwa ya mvuvi.

Laoban akaja mbio na wavu, watu wakaacha vijiti vyao wakasimama kutazama, mimi nikavuta, na kutoka kwenye matete samaki wangu akainuka akiwa na mabawa. Ndoano ilikuwa imenasa manyoya ya bawa moja. Bata akavuka tuta anapiga kelele, nyuma yake bata wenzake wote wa bwawa lile, na moja kwa moja wakaingia bandani.

"Usiachie," Bi Zuhura alikuwa akisema nyuma yangu. "Ukiachia fimbo, mabegi yamekwenda."

Sikuachia. Bata akapita chini ya meza ya kwanza, akazunguka ya pili, akarudi, na kila alipopita uzi ulipita naye, miguu ya meza na miguu ya watu ikafungwa pamoja kama mzigo wa kusafirisha. Kwa yale mabuti sikuweza kukimbia, nikawa naburutwa, mpaka nikaanguka kifudifudi kwenye matope mbele ya mama yake Laoban, ambaye alikuwa amefungwa kitini, birika la chai mapajani.

Mabega ya bibi yakaanza kutikisika, nikajua nimemliza mama wa mwenye kiwanda. Kumbe anacheka, anacheka mpaka machozi.

Laoban akachuchumaa karibu nami, akauliza kitu.

"Anauliza umevua miaka mingapi," alisema Bi Zuhura.

"Mwambie nimeanza leo asubuhi."

"Nimwambie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Laoban akasikiliza, kisha akasema jambo refu huku akirusha mkono hewani. Safari hii nilishika kidevu changu kwa mkono mmoja, kichwa kisithubutu.

"Atakupa mashine za upande wa nyuma kuanzia kesho," Bi Zuhura akasema. "Lakini kila Jumapili, mpaka mabegi yaishe, uje kuvua. Mamake ndiye aliyetaka."

Bata alipimwa kwenye mizani kama sheria ilivyosema. Nilirudi naye Xiaobei kwenye basi, mzima kabisa, nimemtia ndani ya buti moja, kichwa chake nje, abiria wote wakimtazama yeye kwanza kisha mimi. Na Jumapili zangu zote zilizofuata, mimi mtu wa kukaa ndani, nilizimalizia kando ya bwawa bibi akinipungia mkono.

Mabegi yalifika kwa wakati. Akinyi akapiga simu.

"Odhiambo, si tuliagiza picha ya mpira? Huyu bata ni wa nini?"

Laoban alikuwa amemshona kwenye kila begi, mweupe, bawa moja limeinuka. Nikamwambia mke wangu ni makosa ya kiwanda. Watoto wakayagombania, yakaisha shule hazijafunguliwa, na Bi Zuhura, alipopita Nairobi, akamweleza Akinyi kila kitu.

Tangu hapo, mtu akisema nisichokielewa, hata padri, kichwa changu hakisogei. Mwaka uliofuata Akinyi aliniwekea pasipoti mezani.

"Rudi kwa yule mzee," akasema. "Mwaka huu tunataka bata na vifaranga wake."